Baraza la Nyumbani: Sanduku la Mwana Aliyerudi

Ndugu wasomaji, majuma mawili yaliyopita nilipokea barua ya mama mmoja, mke wa askari, aishiye katika nyumba za kambi. Ameandika kwa mwandiko safi, na kwa wasiwasi uliofichwa kwa adabu. Mwanawe wa kiume amemaliza masomo katika nchi ya mbali baada ya miaka sita, na tarehe ya kurejea kwake imekwisha kupangwa. Mama huyu anauliza maswali matatu. Ampokeeje mwanawe, asije yeye mwenyewe akaonekana mshamba? Afanye nini na jamaa ambao wamekwisha kuanza kuzihesabu zawadi kabla hazijafika? Na je, ni kweli wasemavyo watu, kwamba mtoto anayekwenda si yule anayerudi?

Maswali haya si madogo, nami sitaki kuyajibu kwa haraka. Nitayajibu kwa habari ya mpwa wangu wa Awasse, ambaye ameniruhusu niisimulie kwa sharti kwamba nisilitaje jina lake.

Wengi wenu hamjapata kufika Awasse. Ni mahali pa njia panda, katika wilaya ya Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Barabara itokayo Mueda, juu katika uwanda wa Wamakonde, hupita hapo ikielekea pwani. Nyingine hushika njia ya kusini, kwenda Macomia na hatimaye Pemba. Mtu akaaye Awasse huwaona wasafiri kila siku, wanaokwenda na wanaorudi, hata hufikiri kwamba amekwisha kuzoea kuagana.

Dada yangu mkubwa aliolewa huko. Sisi ni Wamakonde wa ng'ambo hii ya Ruvuma, na mto huo kwetu haujapata kuwa mpaka wa ndoa wala wa misiba. Kwa desturi yetu, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Ndiyo maana mwaka 1982 niliitwa. Mtoto wa dada alikuwa amechaguliwa kwenda kusoma Ulaya, naye asingeweza kuondoka pasipo mimi kuitikia.

Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafundi, waalimu na waganga. Kuanzia mwaka 1977 serikali ilianza kupeleka maelfu ya watoto kusoma Kuba, katika Kisiwa cha Vijana. Kisha, kwa mapatano na Ujerumani ya Mashariki, ikafunguliwa mwaka 1982 Shule ya Urafiki katika mji wa Staßfurt, nayo ikapokea watoto wapatao 900 kutoka mikoa yote ya Msumbiji. Wangesoma masomo ya kawaida kwanza, halafu wafundishwe kazi za ufundi. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao, naye alikuwa na umri wa miaka 13.

Kwa watu wa Awasse, kwenda kusoma ugenini halikuwa jambo geni. Wakati wa vita vya ukombozi vijana wengi wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma wakaja kusoma huku kwetu Tanzania, katika shule za FRELIMO za Tunduru na Bagamoyo. Baba wa mtoto huyu alikuwa mmoja wao. Lakini Tunduru ni mwendo wa miguu na mtumbwi, na mtu wa Tunduru akisema neno, utalielewa. Ujerumani ilikuwa habari nyingine kabisa.

Siku ya kuagana dada yangu hakulia. Alifungua doti moja ya kanga, mpya kabisa, akaikata katikati. Upande mmoja akamfungia mwanawe ndani ya mfuko, upande wa pili akajifunga mwenyewe. Akasema maneno machache tu: “Nenda, urudi.” Kijana akapanda lori la kwenda Pemba, nasi tukabaki njia panda mpaka vumbi lilipotulia. Mimi nilikuwa askari wakati ule, nami nilikuwa nimekwisha kuaga watu wengi. Hata hivyo nilitazama kando.

Miaka sita ikapita. Barua zilikuja mara chache. Ilikuja na picha moja, mtoto amesimama katika theluji, amevaa koti linalomzidi. Dada aliionyesha picha hiyo kwa kila aliyepita njia panda, hata pembe zake zikachakaa.

Sasa nieleze kuaga kwa pili, ambako watu wa nyumbani hawakukuona. Mwaka 1988 masomo yalikwisha na vijana wakaanza kurudishwa kwao. Mpwa wangu alikuwa amejifunza kazi ya chuma. Mzee mmoja, fundi wa Kijerumani aliyemfundisha, alimwita pembeni siku ya mwisho akampa kipimo chake cha chuma, kile cha kupimia unene, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekitumia tangu ujana wake. Kijana alikuwa ameandaa hotuba nzima ya shukrani kwa Kijerumani. Aliposimama mbele ya mzee yule, maneno yote yakampotea. Akasema tu, “Tutaonana.” Mzee akaitikia hivyo hivyo, na wote wawili walijua kwamba hawataonana.

Si wote waliotoka pamoja mwaka 1982 waliorudi. Mwezi Septemba 1987 kijana mmoja wa Msumbiji, Carlos Conceição, aliuawa mjini Staßfurt kwa kutupwa mtoni kutoka darajani. Alikuwa na umri wa miaka 18. Wenzake walipopakia mizigo yao mwaka uliofuata, walipakia na habari hiyo.

Na nchi yenyewe waliyoiaga haikudumu. Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani ya Mashariki ilikoma kuwa dola, ikaungana na Ujerumani ya Magharibi. Mpwa wangu alimwandikia yule fundi mzee mara mbili, asipate jibu. Hakujua kama mzee amekufa, amehama, au amekasirika kwa barua kuchelewa. Ndugu wasomaji, yafaa mtu aage vizuri kila mahali anapoondoka, kwa maana hajui kama mlango ule ataukuta tena.

Vijana hao waliporudi waliikuta nchi yao vitani. Vita kati ya serikali na RENAMO vilikuwa vimeanza mwaka 1977, navyo havikukoma mpaka mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Wengi wa waliorudi kutoka Staßfurt hawakupelekwa viwandani bali waliingizwa jeshini. Mpwa wangu alishuka Maputo na cheti cha ufundi mkononi, na baada ya muda mfupi alikuwa na bunduki. Dada yangu alipata barua moja ya mistari minne, iliyoletwa na mkono wa mtu, isemayo kwamba yu hai na kwamba asubiriwe. Akamsubiri miaka sita mingine.

Alifika Awasse mwaka 1994, wakati majeshi ya pande zote mbili yalipokuwa yakivunjwa chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Alikuwa ameondoka na miaka 13, akarudi na 25. Nilivuka Ruvuma kwa mtumbwi kwenda kumpokea, kwani Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, halikuwapo bado.

Nyumba ilijaa watu. Dada alipika ugali wa muhogo na samaki wakavu waliotoka pwani, na kisamvu cha karanga ambacho mtoto alikipenda zamani. Kijana akaingia, mrefu, kimya, ana sanduku dogo la mbao lililofungwa kwa kamba. Akawasalimu wazee kwa Kimakonde, na watu wakaangua kicheko. Kimakonde chake kilikuwa kile kile alichoondoka nacho. Alikuwa mwanamume mwenye ndevu, anayewasemesha wazee kwa maneno ya mtoto wa miaka 13. Wao walicheka kwa furaha, bila ubaya wowote. Lakini mimi niliona uso wake ulivyofunga, na jioni ile hakusema neno jingine.

Sanduku akalisukuma chini ya kitanda, nalo likabaki pale. Kila jioni jamaa walikuja kuzungumza, na kila mmoja alitafuta mahali pa kukaa ambapo angeweza kuliona. Juma la kwanza walisema amechoka. Juma la pili walisema ni bahili. Juma la tatu wakaanza kunong'ona kwamba amelifunga kwa sababu ana nia ya kuondoka tena. Neno hilo likamfikia dada yangu, naye akaacha kulala. Aliniambia, “Kaka, mwenye kukaa hufungua mzigo wake.”

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo najuta. Nikajiona mjomba mwenye neno kubwa. Nikamwita kijana mbele ya watu, nikamwuliza, “Baba, umetuletea nini kutoka Ulaya?” Nilitaka kufanya mzaha, ili jambo lipite. Kijana akaniangalia, akasimama, akatoka nje, asirudi mpaka usiku wa manane.

Aliyelitengeneza jambo hilo ni mama yake, wala hakutumia hotuba. Kesho yake asubuhi alimletea jembe. Akamwambia, “Mwanangu, mpini huu umelegea, na jembe limekuwa butu. Nami nataka kwenda shamba.” Hakusema zaidi.

Kijana aliligeuza jembe mkononi kwa muda. Kisha akaingia ndani, akavuta sanduku, akalifungua kwa sababu tupa yake ilikuwa humo. Wote tuliokuwapo tukaona. Mlikuwa na tupa mbili, kile kipimo cha chuma kilichofungwa katika kitambaa chenye mafuta, daftari la michoro, cheti, na picha ya vijana wamepanga mstari. Hakikuwamo kitenge, wala redio, wala saa. Wala hakikuwamo kile kipande cha kanga.

Akachonga mpini upya, akalinoa jembe, akampa mama yake. Halafu, akiwa bado ameinama, akasema kwamba kanga aliitunza Ujerumani miaka yote sita, akaja nayo hata jeshini. Siku moja mwaka 1989 rafiki yake alipigwa risasi ya paja mbele yake, naye hakuwa na kitu kingine cha kumfungia. “Yule rafiki,” akasema, “sikumwona tena. Nayo kanga ilikwenda naye.” Kumbe hilo ndilo lililokuwa limelifunga sanduku. Jamaa walidhani anaficha mali. Yeye aliogopa kwamba mama yake angeuliza kanga iko wapi, na ingembidi aeleze habari za vita.

Dada yangu aliweka jembe chini. Akasema, “Hata upande wangu umekwisha, mwanangu. Dada yako alipojifungua mwaka 1985, usiku, hatukuwa na kitu. Tukamfungia mtoto.” Kisha akachukua jembe lake akaenda shamba. Baada ya siku hiyo watu wa Awasse waliacha kuliangalia sanduku, wakaanza kuleta majembe, mapanga na baiskeli zao. Kimakonde chake nacho kikakua, polepole, kwa kusikiliza.

Sasa nirudi kwa mama aliyeniandikia, na kwa wote walio katika hali yake.

Kwanza, kuhusu kumpokea. Mama, usijibadilishe. Usiazime viti wala sahani usizozitumia. Mwanao kwa miaka sita amekula katika vyombo vya watu, na anachokitaka ni kuiona nyumba yake kama alivyoikumbuka. Akikosea salamu, msicheke hadharani. Mrekebishe mkiwa wawili. Akishika kijiko mahali ambapo ninyi mnakula kwa mkono, mwacheni. Mikono yake itakumbuka yenyewe. Wala msimwulize yote juma la kwanza. Wake wa askari mnalijua jambo hili kuliko mimi, kwani mmekwisha kuwapokea waume waliotoka mahali ambapo hamkupaswa kupauliza. Mwenye masomo naye huwa na habari zake za usiku, za baridi, za upweke, pengine za matusi aliyotukanwa kwa rangi yake. Atazisema siku atakayopata la kufanya kwa mikono yake huku mnamsikiliza.

Pili, kuhusu zawadi. Hili nalisema kwa jamaa wote, wajomba tukiwa wa kwanza. Mwanafunzi si mfanyabiashara. Aliyepelekwa kusoma alipelekwa alete elimu, na elimu haionekani sanduku linapofunguliwa. Ni wajibu wa wazazi kulitangaza hilo mapema, kabla mgeni hajafika. Semeni wazi kwa jirani na ndugu: “Mtoto wetu anarudi na cheti, hana bidhaa.” Mkilisema ninyi, hamtamwachia yeye aibu ya kulisema.

Tatu, mpe kazi ya nyumbani mapema, hata ikiwa ndogo, tena isiwe ya kumjaribu. Kazi humrudishia mtu mahali pake. Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, alikwenda kijijini kwake Butiama akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kwenda kufundisha Pugu. Watu walishangaa kumwona msomi mwenye shahada akikanyaga udongo. Lakini kijiji kilichomwona akikanyaga udongo hakikuwa na haja ya kuuliza kama amekuwa Mzungu.

Nne, kuhusu mwana mwenyewe, ikiwa barua hii itamfikia kabla hajapanda ndege. Kijana, waage waliokutendea wema huko, mmoja mmoja, kwa jina. Waalimu, wenzako wa chumba, hata mwenye duka aliyekukopesha mkate. Andika anwani zao katika daftari, usizitegemee kumbukumbu wala simu peke yake. Omba radhi pale ulipokosa. Na usiahidi utakayoshindwa kuyatimiza.

Na swali la mwisho, je, anayekwenda ndiye anayerudi? Mama, sitakudanganya. Siye. Lakini hata wewe siye uliyemwaga. Dada yangu aliyekaa njia panda mwaka 1982 alikuwa na mwana mmoja aliye mbali. Mwaka 1994 alikuwa bibi wa wajukuu, na kanga yake ilikuwa imekwisha. Walilazimika kujuana upya, na waliweza, kwa kuwa kila mmoja alikubali kwamba mwenzake naye alikuwa safarini.

Mtaniuliza mpwa wangu yuko wapi leo. Dada yangu amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, wala hakuyaona yaliyofuata. Mashambulizi ya watu wenye silaha yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwezi Agosti 2020 mji huo ukatekwa, na Awasse nayo ikaangukia mikononi mwao. Kituo kikubwa cha umeme kilichopo hapo kikaharibiwa, na wilaya za jirani zikakaa gizani. Watu wa njia panda walikimbia, wengine kuelekea Mueda, wengine Pemba, wengine wakavuka Ruvuma. Mpwa wangu alitembea kwa miguu mpaka Mueda na mkewe na wajukuu. Sanduku aliliacha. Alichukua kipimo cha yule fundi mzee na cheti chake, basi.

Mwezi Julai 2021 majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yaliikomboa Awasse, na tarehe 8 Agosti wakaingia Mocímboa da Praia. Askari wa nchi za SADC, wakiwamo wetu wa Tanzania, nao walitumikia katika mkoa ule tangu mwaka 2021 hadi 2024, na huenda baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mliwahi kupita katika njia panda ile bila kujua kwamba ina habari zake. Familia zilianza kurejea kidogo kidogo. Mpwa wangu naye alirejea, mwanamume aliyevuka miaka hamsini, akaikuta nyumba haina paa.

Nilipompigia simu kumwuliza hali, alicheka. Akasema, “Mjomba, safari hii hakuna aliyeniuliza nimeleta nini. Kila mtu amerudi mikono mitupu. Jirani alinipokea kwa jembe, akasema mpini umelegea.”

Mama uliyeniandikia, tafuta jembe lenye mpini uliolegea, uliweke tayari. Na mwanao akifika, niandikie tena, unijulishe.

Hadi juma lijalo, nawatakia nyote amani majumbani mwenu, na walio safarini wafike salama.